Haidroksiprolini Haiingii kwa Mdomo

Kila nikizungumzia kolajeni mbele ya watu, swali la kwanza ni lilelile: ninunue unga upi ili ngozi isikunjamane na magoti yasiume? Wauzaji hujigamba kwamba unga wao umejaa haidroksiprolini. Ni kweli imo. Uongo unaanzia pale inapomezwa.

Nilikusudia sura hii ieleze mambo matatu: haidroksiprolini hutengenezwaje, hufanya kazi gani, na hupimwaje. Emil Fischer aliitambua mwaka 1902 katika jelatini, lakini haimo miongoni mwa asidi amino 20 za kawaida zinazoagizwa na jeni. Seli hujenga kwanza mnyororo wa kolajeni kwa prolini ya kawaida. Kisha kimeng'enya huzipitia baadhi ya prolini humohumo kwenye mnyororo na kuzipachika oksijeni. Haidroksiprolini uliyoila haina mlango wa kuingilia mnyororo huo. Wauzaji hutaja vipande vyake vinavyoonekana kwenye damu. Vipo, ila kufika kwenye damu si kugeuka goti.

Kimeng'enya hicho hutumia madini ya chuma, na vitamini C ndiyo huyarudisha kazini yakichoka. Bila haidroksiprolini, minyororo mitatu ya kolajeni, iliyosokotana kama kamba, hufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mwili wetu una 37. Ndiyo asili ya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Hapa lazima nimtaje askari mmoja mkongwe aliyekuwamo ndani ya Centurion, meli ya George Anson iliyong'oa nanga Uingereza mwaka 1740. Kitabu cha safari hiyo, kilichochapishwa 1748, kinasema mzee huyo alijeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, vilivyopiganwa 1690. Kiseyeye kilipomshika, makovu ya nusu karne yalifumuka yakawa vidonda vibichi, na mfupa uliokwisha kuunga ukaachana. Watu hudhani kovu likishafunga limefunga. Sivyo: mwili huvunja kolajeni ya kovu na kuijenga upya maisha yote, na yule mzee alibaki na kuvunja bila kujenga.

Namna ya kuipima itasubiri sura ijayo. Mpenzi wa supu ya kongoro na anywe, ni tamu na ina protini. Lakini kwa haidroksiprolini yake mwenyewe, ndimu anayoikamulia ina kazi kubwa kuliko kongoro, na pera lililoiva linaishinda ndimu.