Kuku wa Kisasa, Homoni na Swali Lililokosewa

Kuku wa kisasa hadungwi homoni. Madaktari wa mifugo wamelijibu jambo hili hadi wamechoka, na bado kijijini Utende, kisiwani Mafia, kama ilivyo Kariakoo, swali la kwanza juu ya kuku wa nyama ni lile lile: amechomwa nini hata afike mezani kwa wiki tano? Swali limekosewa, na linaficha lile ambalo mlaji alipaswa kujiuliza.

Homoni ya ukuaji ni protini. Ikitiwa kwenye chakula, tumbo la kuku huimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ili ifanye kazi ingebidi kila kuku apigwe sindano, tena mara kadhaa kwa siku. Mfugaji mwenye kuku 500 na faida nyembamba kwa kila mmoja atazipiga kwa mkono wa nani? Kilichowahi kutumika kweli ni vipandikizi vya homoni bandia ya kike, nchini Marekani, kuwanenepesha majogoo katika miaka ya 1940 na 1950. Vilipigwa marufuku mwaka 1959, lakini uvumi haukufa navyo.

Kinachomkuza kuku huyu ni ukoo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea kwa chakula kile kile kuku wa koo tatu: wa mwaka 1957, wa 1978 na wa 2005. Siku ya 56, wa kwanza alikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili 1,808, wa tatu 4,202. Tofauti hiyo ilitokana na kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo ushauri wa kumchemsha kuku na kumwaga maji ya kwanza, au kumlaza kwenye ndimu "kutoa dawa", ni upuuzi. Homoni isiyokuwamo haitoki. Povu linaloonyeshwa kama ushahidi ni protini ya nyama iliyoganda, na kuku wa kienyeji hutoa povu vilevile. Ndimu hukata shombo, basi. Hatari ya kweli ni mabaki ya antibiotiki pale mfugaji anapochinja kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijaisha, na mabaki hayo hayana hakika ya kuondoka kwa moto wa jikoni.

Uvumi ukishawekwa kando, kinachobaki ni kibaya zaidi. Siku ya 35 kifua cha kuku kimetangulia. Miguu na moyo vimeachwa nyuma. Hupiga hatua chache, akakaa. Hukalia maranda yaliyolowa kinyesi, na amonia humchoma ngozi. Doa jeusi kwenye kifundo cha mguu wa kuku wa sokoni ni kidonda cha kukalia uchafu, na mnunuzi yeyote anaweza kuliona. Joto na unyevu wa pwani huanza kuua wale wazito. Hayo hayatoki kwa kumwaga maji.

Mambo haya si mapya: mwandishi Ruth Harrison aliyaanika Uingereza mwaka 1964, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Hata hivyo, Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto karibu na Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa hofu ya mafua ya ndege, na lawama zikatoka pande zote mbili za mpaka. Hata kwenye dini pengo ni lile lile: kwa Waislamu, ambao ndio wengi Mafia, hoja ya halali mara nyingi huishia kwenye kisu, ilhali mafundisho yale yale yanataka kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama na asichinjwe mwenzake akitazama.

Wala kuku wa kienyeji si kibali cha kulala usingizi. Ugonjwa wa mdondo hufagia banda zima wakati chanjo ya tone la jicho ipo. Kuku akinusurika mdondo, hufungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Kuku hana kiwambo kinachotenga matumbo na mapafu, hivyo akipinduliwa, uzito wa matumbo humkandamiza pumzi.

Yanayowezekana ni haya, kwa kifupi: chotara kama Sasso au Kuroila, wanaokua taratibu zaidi, kuku wasiozidi 10 kwa mita ya mraba, na pungufu ya hapo wakati wa joto, maranda makavu, chanjo ya mdondo kila miezi mitatu, tenga badala ya kamba. Anayetaka kupunguza nyama ana kunde na choroko. Samaki pia wapo, ila ajue kwamba dagaa ni kiungo cha kawaida cha chakula cha kuku, kwa hiyo kuku wengi wa nyama wameshakula samaki.

Muuzaji aulizwe mambo mawili: dawa ya mwisho ilitolewa lini, na kuku wangapi wamelala banda moja. Akishindwa kujibu, kuku wake asinunuliwe.