Shimo likianguka usiku, nani anapokea simu?

Shimo likianguka saa nane ya usiku ku kariere, simu inaenda kwa nani? Mara nyingi kila mutu anaita ndugu yake. Simu kumi zinatoka, na hakuna hata moja inafika kwa mutu mwenye kazi yake ni kuipokea.

Tuangalie namna wanafanya Ufaransa, mu vijiji vya mbali. Kule pia vijiji vingi havina munganga wa usiku. Mutu anapiga namba 15, na simu inapokelewa mu muji, mahali pamoja panapotumikia kwa kawaida departema nzima, vijiji vyote ndani. Sheria ya mwaka 1986 iliweka kazi hiyo mikononi mwa SAMU. Wa kwanza kujibu si munganga. Ni mutu aliyefundishwa kazi ya simu: anauliza uko wapi, namba yako ni gani, nini imetokea, mugonjwa anapumua? Kisha anamupatia munganga anayetumika pale pale, na huyo ndiye anakata shauri: kutuma ambulansi, ao kusaidia kwa simu tu. Ku vijiji, wanaofika wa kwanza mara nyingi ni bapompie, na karibu 4 kati ya 5 ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao zingine.

Lakini yule wa simu analipwa, hata usiku ule simu haiite. Kukaa macho ndiyo kazi yake.

Kwetu, ku mashimo, mutu asiyetumika ndani ya kipe mara nyingi hapati kitu wakati wa kugawa. Basi nani atakubali kubakia juu? Koperative inaweza kumaliza neno hilo bila kungoja ambulansi mupya. Kila zamu, mutu mumoja abakie juu, na apate fungu lake sawa na wengine. Awe na simu yenye batri na inite, namba za kituo cha afya na za ajenti wa SAEMAPE, na karatasi yenye majina ya wote walioshuka. Ajue wapi rezo inapatikana, na njia gani motokari inaweza kupita wakati wa mvua.

Bamama, leo mangaribi muulize mabwana na vijana wenu swali moja tu: "Pale juu, nani anabakia na simu?" Wakijibu "hakuna", basi mukutano wa koperative unaokuja uanzie hapo, mbele ya kusema bei ya mawe.