Je, kikundi chaweza kukutana bila kuogopa wapelelezi?

Ndugu wanakikundi, tukizunguka Kisii na Nyamira bado tunasikia: "Msiandike miniti, Special Branch watazichukua." Hofu hiyo haikutoka hewani. Special Branch ilikuwa tawi la polisi, lenye uwezo wa kukamata, na miaka ya 1980 watu waliteswa chini ya jumba la Nyayo House, Nairobi. Wakati huo hata mkutano wa hadhara ulitaka leseni ya DC.

Leseni iliondolewa 1997. Sheria ya 1998 ikatenga ujasusi na polisi. Idara yenyewe leo ni NIS, na sheria yake ya 2012 inaikataza kufanya kazi za polisi au kumpiga mtu. Inakusanya habari za usalama. Kwa hivyo mtu akija kumkamata mweka hazina akidai yeye ni NIS, shukuni, mkaulize kituo cha polisi.

Wanachama wa kikundi kilichosajiliwa wakijadili mambo yao tu, hawahitaji kuarifu yeyote. Mkiita umma, mwandikieni OCS kati ya siku 3 na 14 kabla ya mkutano. Na miniti, andikeni.