Sura ya Blogu ni Fani: Maelezo kwa Mwandishi na Mhakiki

Darasani tumezoea mifano miwili ya kueleza uhusiano wa fani na maudhui. Wa kwanza ni ule wa kikombe na chai: fani ni kikombe, maudhui ni chai, na chai ile ile yaweza kumiminwa katika kikombe kingine isipungukiwe na kitu. Wa pili ni wa sarafu yenye sura mbili, ambayo huwezi kuipasua katikati ukabaki na thamani yake. Wengi wetu tukiulizwa kwenye mtihani hujibu kwamba tuko upande wa sarafu, kwa sababu ndilo jibu lenye alama. Lakini mwaka huu nimekaa na blogu yangu ya mashairi nikiibadilisha sura, na nimeona kwamba suala hili si jepesi kama tulivyolikariri. Katika makala hii nitaeleza jinsi sura ya blogu inavyotengenezwa na kubadilishwa, nikitazama kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi na si la fundi wa kompyuta.

Tuanze na jambo ambalo fundi angelisema kwanza. Katika blogu, maneno na sura havikai pamoja. Shairi ulilolichapa huhifadhiwa ghalani, kwenye hifadhi ya data, likiwa maneno matupu pamoja na tarehe na kichwa chake. Mahali pengine pamehifadhiwa kiolezo, yaani maagizo yanayosema: kichwa cha blogu kikae juu, rangi yake iwe hii, herufi ziwe kubwa kiasi hiki, orodha ya maandiko ya zamani iwe pembeni. Msomaji anapofungua ukurasa, mashine huchukua maneno huku na maagizo kule, inavikutanisha, ndipo anapata anachokiona. Huduma ya Blogger, iliyoanzishwa na kampuni ya Pyra Labs mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, imejengwa hivyo. WordPress, iliyotokea mwaka huo huo wa 2003, nayo ni hivyo hivyo.

Sasa hebu tazama. Huo si ndio ule mfano wa kikombe na chai? Unabonyeza mara moja, kiolezo kinabadilika, na maandiko yote mia mbili uliyoyaandika kwa miaka mitano yanaamka asubuhi yakiwa na nguo mpya. Neno halikuguswa hata moja. Mwanadhanifu akija kutucheka hapa ana haki.

Ila acheke kidogo tu, kwa sababu ya msomaji. Msomaji hakutani kamwe na lile ghala la maneno matupu. Anakutana na ukurasa. Na katika ushairi wa Kiswahili ukurasa una kazi ambayo pengine hatujaitilia maanani. Chukua mshororo mmoja wa shairi la kimapokeo nilioutunga kwa ajili ya maelezo haya: "Pamba tumeshaichuma, mnunuzi hajafika." Una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, kina cha kati ni "ma" na cha mwisho ni "ka". Ukihesabu herufi na nafasi zake unapata 36. Kwenye kompyuta ya maktaba mshororo huu unakaa raha mustarehe. Kwenye simu ndogo, yenye herufi zilizokuzwa kidogo kwa ajili ya macho ya mtu mzima, unakatika baada ya "mnunuzi", na "hajafika" linaanguka chini peke yake. Mshororo wa pili nao unakatikia kwingine, wa tatu kwingine. Beti ya mistari minne inakuwa mistari minane isiyolingana, na kina cha kati, ambacho jicho lilikuwa linakisubiri mahali pamoja kila mstari, kinapotea ndani ya vurugu. Sikio lenye mazoezi litakipata. Mwanafunzi wa kidato cha pili atadhani anasoma shairi huru.

Kwetu Bariadi hili si jambo la pembeni. Ndugu zangu wanaosoma blogu yangu hawana kompyuta. Kiungo kinawafikia kwa WhatsApp, wanafungua kwenye simu, mara nyingi nje, juani, wakiwa na bando la kuhesabu. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba kuchagua kiolezo ni urembo tu, namwomba aisome beti moja yenye vina vya kati akiwa amesimama barabarani saa saba mchana.

Tiba zipo, na kila moja ina gharama yake kifani. Ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa herufi kwenye maagizo ya kiolezo. Mshororo unarudi kukaa sawa, lakini mama yangu mdogo hasomi tena. Ya pili ni kuagiza mstari usikunjwe kabisa. Basi msomaji atalazimika kuusukuma ukurasa kushoto na kulia kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Ya tatu, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni kuandika kila kipande kwenye mstari wake, utao ukiingia ndani kidogo chini ya ukwapi. Vina vyote viwili vinaonekana na simu haina cha kukata. Lakini hapo nimegeuza umbo: beti ya mistari minne sasa ina mistari minane, na mtu aliyezoea kuhesabu mistari ili ajue kama ni tarbia atachanganyikiwa kidogo.

Je, nimeharibu bahari? Sidhani, na ushahidi ninao kutoka mbali kuliko intaneti. Katika miswada ya zamani ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, mara nyingi vipande vinne vya ubeti viliandikwa kwa mfululizo katika mstari mmoja mrefu. Sisi tuliolelewa na vitabu vya hati za Kirumi tumezoea kuona vipande hivyo vinne vimepangwa kimoja chini ya kingine, tukadhani utenzi ulizaliwa hivyo. Kumbe mpangilio huo ulikuja na wahariri. Magazeti nayo yalikuwa na safu nyembamba zilizomlazimisha mpangaji kuamua mshororo ukatike wapi. Kwa hiyo mwenye blogu anayeamua mahali pa kuvunja mstari anafanya kazi ya zamani sana. Tofauti ni kwamba anaifanya mwenyewe, usiku, bila mhariri wa kumwuliza.

Rangi nitaipitia haraka. Maandishi meupe juu ya weusi yanapendwa na vijana kwa kuwa yana "hisia", lakini juani hayasomeki. Picha kubwa ya mandhari nyuma ya maneno inakula bando na inagombana na herufi. Nimemaliza.

Jambo linalostahili muda zaidi ni mfuatano. Blogu kwa desturi yake huweka jipya juu. Kwa mtoa habari hilo ni sawa. Habari ya jana ikae chini ya habari ya leo. Lakini utenzi una dibaji yake ya kumtaja Mungu na kueleza sababu ya kutunga, na una tamati yake ambapo mtunzi mara nyingi hujitaja jina na pengine idadi ya beti. Mtu akitundika utenzi sehemu kwa sehemu kwenye blogu, msomaji mgeni anakaribishwa na tamati na kusindikizwa na dibaji. Hadithi ya mfululizo nayo inaanzia kwenye kifo cha mhusika. Wapo waandishi wanaolikubali hili na kulitumia, na ningependa mtu aliandikie tasnifu. Asiyelitaka anaweza kubadili tarehe za maandiko ili sehemu ya kwanza ikae juu, au, njia iliyo ya uungwana zaidi, kutengeneza ukurasa wa kudumu wenye orodha ya sehemu zote kwa mpangilio wake na kuuweka mahali pa kwanza kwenye menyu. Wangu nimeuita "Anzia Hapa".

Maneno madogo ya ukurasa nayo yatazamwe. Kiolezo huja na maneno yake: nyumbani, maandiko ya zamani, maoni, imeandikwa na fulani. Usipochagua lugha kwenye mipangilio yanabaki ya Kiingereza, na shairi la Kiswahili linazungukwa na fremu inayozungumza lugha nyingine, kama mgeni wa heshima aliyepokelewa na mtu asiyemwelewa. Baadhi ya maneno hayo hufuata lugha uliyoichagua, na baadhi huandikwa kwa mkono. Ndesanjo Macha, ambaye anatajwa sana kama mwanzilishi wa kublogu kwa Kiswahili kupitia blogu yake ya Jikomboe mwanzoni mwa miaka ya 2000, alilitangaza kusudi lake tangu kwenye jina, kabla msomaji hajafika kwenye aya ya kwanza. Issa Michuzi, mpiga picha aliyeanza blogu yake mwaka 2005, aliitengeneza kwa namna nyingine kabisa: picha kwanza, maelezo mafupi yenye utani chini yake. Hata jina la utani aliloipa, "Globu ya Jamii", lilikuwa sehemu ya fani. Neno la kigeni limepinduliwa kidogo likawa la kwetu. Mhakiki atakayenukuu maelezo ya picha ya Michuzi bila picha yenyewe atakuwa amenukuu nusu ya sentensi.

Lebo ni kidude kidogo kinachodharauliwa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Wimbo wa Bariadi uliotundikwa na mtu mwaka 2009 utakuwa na lebo ya Shinyanga. Mwenye blogu akiamua leo kupanga upya lebo zake, wimbo ule unahamia Simiyu kwa kubofya mara moja, na mtafiti wa kesho hatajua kwamba mwandishi alipoandika alijiona yuko Shinyanga. Ushauri wangu ni kuiacha lebo ya zamani na kuongeza mpya pembeni yake.

Ninajua swali linalokuja: basi blogu ipambwe kiasi gani? Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma vyenye ushindani wa siku nyingi, Bagika na Bagalu. Vikikutana kucheza baada ya mavuno, kila kimoja kwenye duara lake, hakuna majaji wenye karatasi za alama. Mshindi ni yule ambaye watazamaji wamemjalia. Kwa hiyo kila upande hutafuta vivutio: mavazi, madoido ya mwili, mbinu mpya ambayo jirani hakuitazamia. Mtu anayepita hana deni na ngoma yako. Anahama akichoka. Hata hivyo ukiwasikiliza wazee wanaosimulia ngoma za ujana wao, vazi wanalitaja kwa kicheko, lakini wimbo wa manju wanauimba. Pambo liliwaleta hadi ukingoni mwa duara, halikuwabakisha kumbukumbu. Mimi nalipima pambo la blogu kwa namna hiyo. Kichwa chenye mchoro mzuri, sawa, kimemsimamisha mpita njia. Saa inayozunguka, theluji inayodondoka na muziki unaojipiga wenyewe vinaendelea kumvuta mkono wakati wimbo umeshaanza.

Nafasi ya maoni iachwe wazi, japo baada ya kuyapitia kwanza. Ushairi wa Kiswahili umekua kwa kujibizana, na beti moja ya majibu chini ya shairi lako ina thamani kuliko hesabu ya waliopita.

Nirudi sasa kwa mhakiki, maana ndiye aliyenifanya niandike. Kitabu kikitoka toleo la pili lenye jalada jipya, toleo la kwanza linabaki kwenye rafu. Blogu ikibadilishwa sura, sura ya kwanza inafutika kwa maandiko yote kwa pamoja. Na blogu yenyewe ikizimwa, havibaki hata hivyo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, lakini blogu zilizofungwa wakati ule hazikurudi zote. Baadhi zinaonekana vipande vipande kwenye hifadhi ya Internet Archive, picha hazifunguki, pembeni kuna matangazo ya bidhaa. Mtu anaweza kusema maneno yapo, yatosha. Kwa mwenye mfano wa kikombe, ndiyo, yatosha.

Kwa upande wangu, ninapoandika insha juu ya andiko la blogu, nimeanza kutaja siku niliyolisoma na kama nililisoma kwenye simu au kwenye kompyuta, na napiga picha ya ukurasa mzima naiweka. Mhadhiri mmoja aliniuliza kama huko si kujaza karatasi. Nilimwonyesha shairi moja kwa simu yangu, kisha lile lile kwa kompyuta yake, akahesabu mistari mara mbili. Kwenye blogu yangu mwenyewe nimefungua ukurasa wenye picha za kila sura ambayo imewahi kuivaa, kila moja na tarehe yake. Hadi sasa ziko nne, na ile ya pili, yenye mandhari meusi, mama mdogo ameniomba niiondoe hata hapo.