Sanduku la Kukinga Mitambo na Hewa ya Chumvi Kisiwani Ndau

Kisiwa cha Ndau kiko upande wa kaskazini-mashariki wa Pate, na Wabajuni wakaao humo wamezoea tangu zamani kuishi na hewa ya chumvi. Mwenye chombo hahitaji kufundishwa: hukipaka sifa na shahamu, naye ajua kwamba msumari mtupu wa chuma hauishi miaka mingi. Lakini siku hizi visiwani kuna vyombo vya namna nyingine: pampu za maji, paneli za jua na betri zake, jenereta, na mabarafu ya kuwekea dawa za chanjo. Ndani yake mna nyaya nyembamba na vipande vidogo vya shaba visivyoweza kupakwa sifa, na chumvi huvila upesi kuliko ilavyo msumari. Kwa hiyo sanduku ambamo vimetiwa si pambo.

Maji ndiyo yafanyayo jambo hili kuwa kubwa. Katika visiwa vya Lamu watu wametegemea mvua iwekwayo katika majabia, pamoja na visima ambavyo vingi vina maji ya chumvichumvi. Mwaka 2018 shirika la GivePower lilijenga huko Kiunga, upande wa bara karibu na mpaka wa Somalia, mtambo wa kuondoa chumvi katika maji kwa nguvu za jua. Mtambo wa namna hiyo, popote ulipo, waweza kusimama kwa sababu ya swichi moja iliyooza. Paneli ni nzima, pampu ni nzima, lakini ndoo hurudi tupu, na fundi hana budi kungojewa aje kwa chombo kutoka Lamu au mbali zaidi.

Anunuaye sanduku ataona limepigwa chapa ya herufi IP na tarakimu mbili. Chapa hiyo yatokana na kanuni nambari 60529 ya Tume ya Kimataifa ya Umeme, iliyoanzishwa mwaka 1906. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu, maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili yahusu maji: 4 ni matone yarushwayo kutoka kila upande, 5 ni maji ya mpira wa bomba, 6 ni maji ya bomba yenye nguvu nyingi, na 7 ni kuzamishwa kwa muda katika kina kisichozidi mita 1. Kwa vyombo vya umeme viwekwavyo nje karibu na pwani, IP65 yatosha mahali penye kivuli. Lakini mahali ambapo Kusi hupiga mvua ya upande, IP66 ni bora.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa chapa ya IP haisemi neno lolote juu ya kutu. Sanduku la chuma lililopakwa rangi laweza kuwa IP66 siku litokapo kiwandani. Baadaye rangi hukwaruzwa, kutu huanza penye bawaba, mlango hupinda kidogo, na mpira wa kuzibia haugusi tena sawasawa. Mwaka wa pili ile chapa ni maandishi tu. Kanuni ya Marekani iitwayo NEMA hutofautisha jambo hili: sanduku la 4X limejaribiwa pia kwa kutu, na la 4 bila herufi hiyo halikujaribiwa.

Basi yafaa kuuliza kwanza limetengenezwa kwa kitu gani. Bati lililopakwa zinki hudumu vyema bara, lakini hewa ya bahari huimaliza zinki upesi. Chuma kisichoshika kutu ni cha namna nyingi. Kile kiitwacho 304 hutokeza madoa mekundu pwani, na kile kiitwacho 316 hustahimili zaidi, kwa kuwa kimetiwa madini ya molibdeni, nacho ni ghali. Faiba, ile ile itumiwayo kuundia mashua za siku hizi, haishiki kutu hata kidogo, nayo ni nyepesi kuchukuliwa chomboni. Ila jua huila usoni mwake baada ya miaka, basi huhitaji kivuli au rangi. Kwa masanduku madogo ya Ndau hiyo ndiyo ya kupendelewa. Bolti na bawaba zake nazo ziwe za chuma cha 316, kwani haifai kununua sanduku jema na kulifunga kwa misumari ya bei rahisi.

Sanduku lililozibwa kabisa lina adui mwingine, nalo ni jasho. Mchana hewa ya ndani hupata moto na kutanuka. Usiku hupoa na kuvuta unyevu kupitia tundu lolote dogo, na asubuhi matone yametanda juu ya nyaya. Dawa yake ni kizibo maalumu cha kupumulia, kiwekwacho chini, ambacho huruhusu hewa na kutoa maji. Nyaya nazo ziingie kwa chini, kamwe zisipite juu. Tena joto lenyewe ni hasara: betri za risasi hupungukiwa na karibu nusu ya maisha yake kwa kila digrii 10 za joto linalozidi.

Jenereta ni habari nyingine. Injini lazima ivute hewa, basi haiwezi kufungiwa sandukuni. Hujengewa kibanda cha mawe na chokaa, mbali na nyumba za kulala, kwa kuwa moshi wake huua bila kuonekana. Mchanga wa ufuoni usitumiwe penye nondo kabla haujaoshwa chumvi. Paa la makuti hupoza sana, lakini juu ya injini ya moto ni hatari.

Mlango usielekee Kusi wala Kaskazi, na msingi uwe juu ya maji ya bamvua. Ajabu ni kwamba sanduku lililo chini ya paa hukusanya chumvi zaidi kuliko lile linyeshewalo, kwa sababu mvua hailioshi. Hilo lapasa kupanguswa kwa kitambaa na maji matamu kila mwezi, na mpira wa mlango utazamwe siku hiyo hiyo. Mpira wa akiba ununuliwe pamoja na sanduku lenyewe.