Lita 100, Watu 5: Maji Safi na Maji Taka Katika Gari-Nyumba

Safari hii sitaandika mambo ya viza wala ya kutafuta chumba huko Glenwood, hayo mmeshayasoma hapa mpaka mmechoka. Leo nataka tuzungumze habari za maji.

Likizo ya Julai tuliamua kuchanga pesa, wanafunzi 5 wa hapahapa Durban, tukakodi gari-nyumba kwenda milima ya Drakensberg. Kwa wasioijua, gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, sinki, bafu na choo humohumo ndani. Tulikuwa Watanzania 2, Mkenya wa Mombasa, Mganda, na kaka mmoja wa Bukavu. Hesabu ilionyesha ni rahisi kuliko hoteli. Aliyetukodisha alituonyesha gia, breki na gesi, akatupa ufunguo. Ya maji alisema, "Tangi ni lita 100, mtajaza." Basi.

Sisi tukacheka. Jamani, sisi ndo wa kufundishwa maji? Sisi tuliolelewa na ndoo na kata, tuliopanga foleni ya madumu kabla ya kwenda shule? Kumbe bwana, kujua shida ya maji ni kitu kimoja, na kujua tangi ni kitu kingine.

Gari la namna hii lina matangi matatu, na ukiyaelewa hayo umemaliza nusu ya kazi. La kwanza ni la maji safi, ambayo pampu ndogo ya umeme inayasukuma hadi kwenye bomba. La pili, chini ya gari, hupokea maji ya sinki na bafu. La tatu ni la choo, mara nyingi ni kaseti, yaani sanduku la plastiki la lita 15 hadi 20 linalochomolewa kwa nje kupitia kimlango. Maji hayapotei. Lita uliyoitia asubuhi, ukiondoa uliyokunywa, itakuwa katika moja ya matangi mawili ya chini jioni.

Hilo hatukulifikiria. Siku ya kwanza tulilala karibu na bwawa la Midmar, kila mtu akaoga kwa bomba kama yuko nyumbani, mwingine akaosha sufuria ya ugali maji yakitiririka. Asubuhi tukajaza tena, tukaondoka. Tulipopita Bergville, kwenye kona, dada wa Tanga akapiga kelele huko nyuma. Maji ya jana yalikuwa yanapanda kupitia tundu la bafu, meusi, na vipande vya kitunguu juu. Tundu la bafu ndilo lililo chini kuliko yote, kwa hiyo tangi la pili likijaa, hapo ndipo maji yanaporudia.

Tukasimama kando ya barabara. Hatukuona mtu wala nyumba karibu. Nikashuka, nikafungua koki, mimi mwenyewe, simsingizii mtu. Maji yakashuka kwenye nyasi, yakaingia kalvati, yakapotea. Tukapumua.

Dakika chache baadaye akatokea bibi mmoja na ndoo tupu kichwani. Kwa Kizulu bibi anaitwa gogo, na Watanzania tulishazoea kutocheka. Tukamwamkia, "Sawubona, gogo." Akaitikia. Akatazama nyasi zilizolowa, akatazama povu, akanyosha mkono upande wa pili wa kalvati, ambako kulikuwa na kijito chembamba. Akasema, "Siphuza lapha." Kaka wa Bukavu, ambaye ndiye anayekijua Kizulu vizuri, akanyamaza kidogo kabla ya kututafsiria: tunakunywa hapa.

Sijui niwaeleze vipi aibu ile. Hakutukana, hakupaza sauti. Tukamwambia, "Gogo, tusamehe, lete ndoo tukujazie amanzi yetu." Amanzi na maji ni ndugu, hata mtoto anasikia. Tukamjazia ndoo nzima. Akainama, akanusa, akateka kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema. Akamwaga taratibu, akashukuru, akaondoka na ndoo yake tupu kufuata kijito juu zaidi, kule maji yetu yasikofika. Tukanusa na sisi. Yalinuka plastiki na uvundo. Tulikuwa tumeyanywea chai siku nzima.

Yaliyobaki katika makala haya nimeyajifunza baada ya hapo, mengi kutoka kwa mzee mmoja wa Chatsworth, uncle kama tunavyowaita hapa Durban, aliyepiga kambi jirani yetu pale Mahai, ndani ya Royal Natal, na anasafiri na karavani miaka mingi.

Tuanze na maji safi. Tangi lililokaa bila kutumika huota utelezi ndani, na bakteria hukaa humo. Kabla ya safari lisafishe kwa Jik ya kawaida isiyo na manukato. Kwa tangi la lita 100 tia kama mililita 150, jaza maji, fungua kila bomba mpaka unuse klorini, ili na mipira ipate. Acha usiku kucha. Kesho yake mwaga yote penye mfereji wa maji taka, jaza maji mapya, suuza mpaka harufu iishe. Jambo la pili ni mpira wa kujazia. Uwe wako, uwe wa maji ya kunywa tu, na usiguse kabisa sehemu ya kuoshea choo. Katika kambi nyingi bomba la kusuuzia kaseti liko hatua chache tu kutoka bomba la kunywa, na watu huazima mpira bila kufikiri.

Ukijaza mahali usipopaamini, chemsha yale ya kunywa, au tumia kipimo kinachofundishwa hapa Afrika Kusini: kijiko kimoja cha chai cha Jik, mililita 5, kwa lita 25 za maji maangavu, kisha subiri saa 2. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa, maana klorini hupotelea kwenye uchafu. Sisi baadaye tulibeba maji ya kunywa katika dumu la pembeni, na ya tangi tukayaachia kuoshea. Hiyo ndo njia ninayowashauri.

Usisahau uzito. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa umebeba kilo 100, sawa na kuongeza mtu mnene. Leseni ya daraja B hapa inaishia gari la kilo 3,500 likiwa na mzigo wake wote, na magari mengi ya aina hii yako karibu na mpaka huo. Ukipandisha mlima wenye kona, tangi nusu linatosha kama unakokwenda kuna bomba. Na kama ni Julai, kule juu usiku kuna baridi ya kugandisha. Mpira uliouacha nje umejaa maji, asubuhi utaukuta mgumu kama fimbo. Umwage maji kabla ya kulala.

Sasa hesabu. Lita 100 kwa watu 5 ni lita 20 kila mtu. Ni kidogo? Sera ya maji ya bure ya nchi hii, iliyoanza 2001, ilihesabu lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi, yaani kama lita 25 kwa mtu kwa siku katika familia ya watu 8. Cape Town katika ukame wa 2018 waliambiwa wasizidishe lita 50, na dunia nzima ikaandika habari. Kwa hiyo lita 20 inawezekana, lakini si kwa kuoga chini ya bomba. Hapa ndipo utoto wetu ulipotuokoa. Tulinunua ndoo 2, beseni na kopo. Kuoga kwa kopo, lita 5 zinatosha na unatakata. Vyombo vinafutwa mafuta kwa karatasi kwanza, halafu vinaoshwa kwenye beseni. Kuanzia hapo tangi moja lilitufikisha siku nzima na kidogo kubaki, na la chini halikutupandia tena.

Maji ya sinki na bafu watu huyadharau, wanasema si ni sabuni tu. Yana mafuta, mabaki ya chakula na vijidudu vya miili yetu, na katika joto la Durban yakikaa siku moja tu yananuka kushinda choo. Yamwage kila siku, mahali palipotengwa kambini. Weka kichujio kwenye sinki ili kitunguu kisiingie. Na msimwage katika mitaro ya barabarani, hata mjini. Durban, kama miji mingine ya hapa, ina njia mbili tofauti: mabomba ya maji taka huenda kwenye mitambo ya kusafisha, lakini mitaro ya mvua huenda moja kwa moja mtoni na baharini. Ukimwaga mtaroni, umemwaga ufukweni.

Choo sasa, msione haya. Kaseti ya lita 17 kwa watu 5 hujaa upesi, na kwa sisi watu wa Pwani tunaotawadha kwa maji hujaa upesi zaidi. Kwa hiyo mchana tumieni vyoo vya kambi na vya vituo vya mafuta, cha ndani kiwe cha usiku na dharura. Karatasi iwe nyepesi, vitambaa vya kujifutia visiingie kabisa. Kaseti imwagwe kabla taa ya kujaa haijawaka, tena kwenye sehemu yake maalumu, ukiwa na glavu. Ile dawa ya buluu tia kwa kipimo tu, maana kambi nyingi zinategemea mashimo ya maji taka, na shimo linafanya kazi kwa bakteria. Dawa kali, hasa ya fomalini, inaua bakteria hao na shimo linakufa. Tafuta isiyo na fomalini. Na tafadhali, Jik isitiwe chooni. Ikichanganyika na mkojo hutoa hewa ya sumu, na katika kichumba kile kidogo hakuna pa kukimbilia.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu jimbo hili lina kumbukumbu. Agosti 2000 kipindupindu kililipuka upande wa Empangeni, mahali ambapo watu waliokuwa wakipata maji ya bomba bure walianza kutakiwa kulipia, na wasio na pesa wakarudi mtoni. Mpaka kilipotulia, zaidi ya watu 100,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 200 wamefariki. Kichocho nacho kipo katika mito ya tambarare za KwaZulu-Natal kama kilivyo kwetu Ziwa Viktoria. Mayai yake hutoka na mkojo au kinyesi, huingia kwa konokono wa majini, kisha humrudia mwanadamu anayeingia mtoni. Anayemwaga kaseti kando ya mto anaufunga mzunguko huo kwa mikono yake.

Na April 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 katika jimbo hili, yakaharibu mitambo na pampu za maji taka za Durban. Fukwe zikafungwa kwa uchafu, na wakazi wa oThongathi walikaa miezi mingi wakisubiri malori ya maji. Hii ni manispaa ambayo idara yake ya maji ilipewa tuzo ya Stockholm Industry Water Award mwaka 2014 kwa kuwafikishia watu wa pembezoni maji na vyoo. Ikiwa mji wa namna hiyo unaweza kurudishwa kwenye ndoo kwa siku mbili za mvua, basi hakuna aliye mbali na ndoo.

Halafu kuna hili. Mto uThukela unaanzia juu kule Royal Natal. Tangu miaka ya 1970 sehemu ya maji yake husukumwa kwa pampu kuvuka mlima hadi bwawa la Sterkfontein, na kutoka hapo huteremka mto Vaal kwa ajili ya Johannesburg. Hayaingii kwenye bomba bila kusafishwa, lakini mwenye nyumba chini ya kalvati hana mtambo. Ana ndoo.

Siku ya kurudi tulisimama palepale. Gogo hatukumkuta, tulimkuta kijana mdogo anachunga mbuzi, akasema ni bibi yake. Tukamwachia madumu 2 ya maji ya bomba, tumeyanusa wenyewe kwanza, tukamwambia amwombee radhi kwetu. Sijui kama waliyanywa au waliwapa mbuzi, na nisingewalaumu.

Basi ndugu zangu, mkikodi gari-nyumba, muulizeni mwenye gari maswali matatu kabla ya kupokea ufunguo: tangi limesafishwa lini, koki ya maji machafu iko wapi, na kaseti inamwagwa wapi huko tuendako. Akishindwa kuwajibu, safisheni wenyewe. Ndoo 2, beseni na kopo tumeviacha kwenye chumba cha chama, njooni mviazime. Mpira wa maji ya kunywa nao upo, tumeufunga utepe mweupe.

Wasalaam, na safari njema.