Kusimulia Yasiyotokea: Sharti la Wakati Uliopita katika Kiingereza (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliangalia masharti yanayoweza kutimia: mvua ikinyesha, barabara zitajaa maji. Leo tunaingia kwenye sharti ambalo wakati wake umepita na tunajua halikutimia. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa Kampala hupoteza alama, na ndipo watu wazima nao huandika historia kwa Kiingereza kinachosema jambo wasilolikusudia.

Tuanze na mtihani. Watoto wa darasa la saba nchini Uganda hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi chini ya baraza la mitihani la taifa, UNEB, na karatasi ya Kiingereza huwa na sentensi za kuandikwa upya kwa kufuata maelekezo. Chukua sentensi ya namna hii: "Nakato woke up late and missed the taxi." Nakato alichelewa kuamka akaikosa taksi, ambayo kwa Kampala ni ile ile matatu ya Nairobi au daladala ya Dar es Salaam. Mtoto anaambiwa aanze kwa "If". Jibu linalotakiwa ni "If Nakato had not woken up late, she would not have missed the taxi." Kilichotokea kimekanushwa pande zote mbili, na kila upande umepata umbo lake la kitenzi. Maumbo hayo hayafanani, na hapo ndipo penye kazi.

Sisi wa Kiswahili tuna -ngali-: Nakato asingalichelewa kuamka, asingaliikosa taksi. Walimu wetu wamesisitiza miaka nenda miaka rudi kwamba kiambishi kirudiwe, -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-. Kiganda kina mpango mwingine: neno "singa" hufungua sharti, na kwa kawaida -andi- huingia kwenye kitenzi cha matokeo, kama katika "nandizze", yaani ningalikuja. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Chenyewe hurudisha wakati nyuma. Dhana ya sasa huchukua umbo la wakati uliopita, "If I knew", laiti ningejua sasa hivi. Kwa kuwa umbo hilo limeshachukuliwa, dhana ya jana hulazimika kurudi hatua moja zaidi: "If I had known". Upande wa matokeo, "would" hubeba dhana, "have" hubeba wakati uliopita, kisha hufuata kitenzi chenyewe: "I would have come."

Mwanafunzi aliyezoea ulinganifu wa -ngali- huandika "If I would have known, I would have come." Mwingine huishia njiani: "If I knew, I would have come." Makosa haya hayatokani na uvivu. Wa kwanza anafuata kanuni njema ya lugha yake, na masikio yanamsaidia kupotea, kwa sababu Mwingereza anayesema haraka hutamka "If I'd known, I'd have come." Sauti ni ile ile mara mbili, lakini ya kwanza ni "had" iliyofupishwa na ya pili ni "would". Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu bila kueleza jambo hilo amemnyima mtoto nusu ya somo.

Sasa tutoke darasani. Waganda hubishana sana kuhusu historia yao kwa sentensi za aina hii, magazetini, redioni na vyuoni, na ndiyo maana naiona sarufi hii kuwa na uzito. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola. Mtu anaweza kuandika "If Obote had stayed in Kampala, Amin would not have taken power." Akiandika "would" ametoa hukumu: mapinduzi yasingalitokea kabisa. Akiandika "might not have" anasema huenda yasingalitokea. Akiandika "could not have" anadai kuwa Amin asingaliweza hata kama angalitaka. Neno moja tu limebadilika, ila mzigo wa ushahidi anaoubeba mwandishi si ule ule. Uhasama kati ya wawili hao ulikuwa umeshaiva kabla ya safari, na Amin alikuwa na watu wake jeshini. Kwa maoni yangu "might" ndiyo inayostahili hapo, na mwandishi anayeng'ang'ania "would" atuonyeshe sababu zake.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wayahudi wapewe ardhi ya kuishi Afrika Mashariki. Pendekezo lilijadiliwa katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel mwaka huo, likakataliwa mwaka 1905. Hadi leo linaitwa mpango wa Uganda, na utawakuta watu wakiandika "If the Jews had settled in Uganda..." kisha kuendelea kuwaza Kampala ingalikuwaje. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, na mwaka 1902 Waingereza walikuwa wameshaihamisha sehemu hiyo kutoka Uganda kwenda kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya. Msomaji hushughulika na kile kinachodhaniwa, akapitwa na kile kilichochukuliwa kuwa kweli. Sarufi ya sentensi ni safi, historia yake ina kasoro, na hakuna "had" itakayoiponya.

Limebaki umbo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia juu juu: sharti la jana lenye matokeo ya leo. Mfano wake unatuhusu sisi wenyewe. Gavana William Gowers, aliyeitawala Uganda kuanzia 1925 hadi 1932, alitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga, wamisionari wengi nao wakapinga, na mpango ukafifia. Hapa Kiingereza kinatuachia njia mbili. "If Gowers had won, Kampala would have spoken Swahili" huyaweka matokeo nayo katika wakati uliopita, bila kusema lolote kuhusu leo. "If Gowers had won, Kampala would speak Swahili today" huacha sharti huko nyuma na kuyaleta matokeo hadi kwenye taksi ya asubuhi hii. "Have" imeondoka kwa sababu matokeo si ya jana tena.

Sentensi hiyo ya pili nayo naipima kwa kipimo kile kile. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini Kampala imeendelea kuzungumza Kiganda sokoni na Kiingereza ofisini. Amri za serikali peke yake hazikutosha, kwa hiyo nami ningeandika "might speak". Juma lijalo tutaangalia "wish" na majuto yake.